Hakuna Tuliyemwata

Kwetu mtoto hazaliwi mtupu.
Kabla ya maziwa hupewa mtu:
marehemu mmoja, ametafunwa pamoja na kome
kinywani mwa aliyembeba,
akawekwa chini ya ulimi kama chumvi.
Anayetoa husahau. Ndiyo bei yake, au ndiyo faida.

Mdogo wangu Ulme alipewa mshona ngozi.
Hata leo ukimpa mwani ataupapasa akitafuta upindo.
Jirani yetu Hesk alipewa bibi mlafi wa njugu,
basi huamka usiku akilia njaa ya mti
ambao hakuna kati yetu aliyeuona.
Mimi nilipewa mbwa.

Si mbwa mwenyewe. Nilipewa macho yaliyomwona:
masikio mawili ya kahawia, kilimani,
mvua inapiga kutoka ubavuni
(mvua nayo nilipewa)
na kijana ameketi kando yake, mguu umevimba,
kamba kiunoni, na kamba ile ile
inanifikia mkononi, juu ya chelezo.

Sisi watu wa Mchanga Mrefu,
pima kumi na tano chini ya Bahari ya Kaskazini,
kila mwezi mpevu husimama uwanjani tukasema:

*Maji hayakutukuta, sisi ndio twalikuja,*
*Bahari ilipoita, tuliitika kwa hoja,*
*Hatukuwa wa kusita, tulishuka kwa pamoja,*
*Hakuna tuliyemwata, huu ukweli mmoja.*

Nimelisema miaka arobaini, sauti kavu, shingo juu.
Ila tukifika mshororo wa nne
kiganja changu hujikunja chenyewe,
maana kinaujua uzito wa kisu cha gumegume,
kinajua kamba mbichi hutaka mikato miwili,
wa tatu hukatika bila wewe.

Chelezo kilikuwa kizito. Ndivyo nilivyojiambia,
au ndivyo alivyojiambia yeye.
Kilizama hata hivyo.
Tuliozama ndio sisi.
Aliyebaki kilimani hatuna jina lake;
nani angekuwepo wa kumtafuna?

Mwaka juzi kokoro la wavuvi wa Esbjerg lilipita mtaani,
likazoa ukuta wa Hesk, vitanda,
akiba ya msimu mzima.
Baraza likakaa siku mbili kuwalaani walio juu.
Mimi nilitoka nikaishika waya.
Ilikuwa ikitetemeka. Kule mwisho kuna mtu anavuta.
Nikawaza, si kwa kichwa, kwa kiganja:
huyu anayevuta, je, anachechemea?
Nikaitikisa mara moja, kidogo,
kama abishaye hodi nyumba aliyoiibia.
Waya ikaenda zake.

Jana Ulme amejifungua binti.
Zamu ni yangu.
Asubuhi Baraza limemtuma mtu, mpole kweli,
amekuja na kome watatu na neno moja: *Ioshe.*
Kuosha si vigumu. Unafungua kinywa kwenye mkondo baridi,
unasukutua, chungu inakwenda, tamu inabaki.
Nusu ya mji imeoshwa; ndiyo maana tunalala.

Nilijaribu.
Kisu kilianza kupauka, nikafurahi,
kisha nikaona sikio moja la kahawia halipo.
Ukiosha kisu, mbwa naye anakwenda,
na kijana, na mvua yote.
Nikafumba mdomo.

Inke, mwanangu, nisamehe.
Nakupa mzima mzima, na makali yake.

*

Nimeketi kwa Ulme. Mtoto ana siku tatu.
Analala vizuri, ila kiganja cha kulia
amekikunja, hakifunguki hata kwa mafuta,
na usiku hutoa sauti fupi, kavu,
mara mbili, mara tatu,
ambayo Ulme anasema si kilio.

Mfukoni nimekuta gamba limekwaruzwa
kwa mwandiko wangu. Neno moja tu: mbwa.
Nimewauliza wote waliomo humu ndani.
Mtoto peke yake ndiye aliyegeuza kichwa.